Ziwa Lililonyimwa Pumzi

Jani lilimkatikia mkononi. Hakulivuta, alilishika tu, nalo likaachia shina lenyewe, likabaki kati ya vidole vyake, laini kama mkate uliolowa chai. Tumpe Mwakalinga alilitupa kwenye ndoo iliyokwisha kujaa majani ya namna ile, akazamisha tena mkono majini hadi begani.

"Mbolea umeweka?" Bi. Senkoro aliuliza nyuma yake.

"Nimeweka, Mkuu."

"Na taa?"

"Taa zinawaka mpaka samaki wanajificha."

"Basi ongeza mbolea."

Tumpe alitoa mkono. Matone yalimdondoka kwenye kiwiko yakashuka taratibu, kama kila kitu kinavyoshuka mwezini. Alihesabu pumzi zake kabla ya kujibu, maana maneno aliyotaka kuyasema hayakuwa ya kumwambia mkuu wa makazi mbele ya watu wanaokula.

"Mkuu, nimesema wiki iliyopita na ile ya kabla yake. Mimea hii haina njaa ya mbolea. Ina njaa ya hewa."

"Hewa?" Bi. Senkoro aliangaza macho bwaloni kote. "Tangu tufungiwe ile mashine ya Pafu hakuna mtu aliyelalamikia kichwa hapa makazi ya Ukingo. Wewe unaniambia hewa haitoshi?"

"Ya kwetu inatosha. Ya kwao ndiyo imekwisha."

Tangi lile watu waliliita Ziwa. Lilikuwa ukuta mzima wa kioo kati ya bwalo na jiko, limejaa maji baridi yaliyoyeyushwa kutoka barafu ya shimo lililo chini ya makazi, na ndani yake waliishi sato walioliwa Jumapili. Uchafu wa samaki uliliwa na mimea, mimea ikayasafisha maji, na maji yakaenda kwenye mabomba ya jikoni. Mwezini hakuna kaboni ya kuokota. Yote iliyokuwapo Ukingo ilitoka duniani, ndani ya unga na mafuta na miili ya watu, na kila mtu alipopumua ilitoka kinywani mwake kama hewaukaa, hewa ile ile ambayo ikizidi chumbani hukupa uchovu na maumivu ya kichwa. Kwa miaka mingi ilikuwa kero ya watu na chakula cha mimea. Ilizama majini kupitia uso wa tangi, mimea ikainywa chini ya taa, ikatoa majani.

Kisha Injinia Kileo akabuni Pafu. Mashine ile iliifyonza hewaukaa ya kila chumba kupitia mabomba, ikaivunja, ikatoa oksijeni safi upande mmoja na unga mweusi wa kaboni upande wa pili. Unga ule ulijenga kuta. Bawa jipya la makazi lilikuwa linapanda kutokana na pumzi za watu, na juu ya mlango wa bwalo mtu alikuwa amechora kwa rangi ya bluu: KILA PUMZI TOFALI. Familia zitakazokaa bawa lile zilikuwa zimekwisha kuanza safari kutoka duniani.

Injinia mwenyewe alikuwa anakula meza ya karibu. Alisogea na sahani yake.

"Dada Tumpe, nimepima. Hewa ya bwalo hili ina hewaukaa sawasawa na ya Moshi, na Moshi migomba inazaa."

"Mgomba unapigwa na upepo, Injinia. Jani lake linapata hewa mpya muda wote. Majini hewaukaa inatembea kama mtu anayevuka tope. Jani likishainywa iliyo karibu nalo, linabaki linasubiri. Na ninyi mkaniongezea taa! Ni kumwamsha mtu, kumpa jembe, kumpeleka shamba, halafu kumnyima chakula."

"Mbona ule ukijani kwenye kioo unastawi?"

"Ule ni mwani. Unashiba makombo. Mimea ikidhoofu, wenyewe unasherehekea." Alifuta mikono kwenye aproni. "Nipe hewaukaa kidogo kutoka kwenye Pafu. Nitaipuliza majini kwa mpira."

"Haihifadhiwi. Inavunjwa hapo hapo inapofyonzwa."

"Basi nipe huo unga niuchome."

"Moto?" Bi. Senkoro aliangua kicheko. "Ndani ya makazi yaliyofungwa? Tumpe, mama, pumzika."

"Mimea hii ikioza, samaki watakufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe. Na maji mnayokunywa yanapita hapa. Vichujio tulivyo navyo havitoshi nusu yetu, achilia mbali hao wanaokuja."

"Basi usiiache ioze," Bi. Senkoro alisema, akiwa tayari ameshageuka. "Hiyo ndiyo kazi yako."

*

Tumpe alifanya alichoweza. Alipunguza taa za Ziwa ili mimea isisukumwe kukua bila chakula, na watu wakalalamika kwamba bwalo limekuwa kama pango. Alizima maporomoko madogo yaliyokuwa yakimwagika juu ya tangi, kwa sababu maji yanayorukaruka huipoteza hewaukaa kidogo iliyomo, na wapishi wakamwambia kwamba sauti ya maji ndiyo iliyokuwa ikiwafanya wajisikie wako nyumbani. Ndani ya Ziwa alikuwa ametundika kichupa chenye maji ya rangi: bluu ikiwa hewaukaa ni haba, kijani ikitosha, njano ikizidi hadi samaki kukosa pumzi. Kichupa kilibaki bluu, bluu ya sare za shule.

Ndipo alipokumbuka hamira. Alichukua kopo kubwa la plastiki, akatia sukari aliyojinyima kwenye chai yake, maji ya uvuguvugu na hamira kidogo aliyoomba jikoni, akafunga kifuniko kilichopitishwa mpira hadi ndani ya Ziwa. Hamira ilikula sukari, ikajamba hewaukaa. Mapovu madogo yalianza kupanda majini, polepole mno, kama yanafikiria. Tumpe alikaa mbele yake akayatazama kama anayemtazama mtoto mgonjwa akinywa uji.

Walinzi walilikuta kopo lile chini ya tangi wakati wa ukaguzi. Mmoja alifungua kifuniko, akanusa.

"Bi Tumpe, hii ni pombe."

"Ni chakula cha mimea."

"Inanuka pombe."

"Kwa sababu hamira ikila sukari inatoa vyote viwili! Mimi nataka ile hewa, hiyo nyingine mimina mnakotaka!"

Bi. Senkoro aliitwa. Alisikiliza, akanusa na yeye, akasema kwamba kupika pombe ni marufuku, na sukari ni chakula cha watu. Wakamwaga. Wapishi walicheka kwa siku kadhaa, wakawa wanamwuliza kama mwani nao umelewa.

Tumpe hakucheka. Alirudi kwenye Ziwa, akakuta mmea mwingine umeinama.

*

"Umekuja na sura hiyo tena," Ambakisye alisema.

Mume wake alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao. Kusimama tu, bila kushika ukuta, lilikuwa jambo geni. Alikuwa amechimba barafu miaka mingi, na vumbi la mwezi, kali kama kioo kilichosagwa, lilipenya kwenye vichujio vya mavazi ya wachimbaji likakaa mapafuni. Wote wenye ugonjwa ule walipangwa upande mmoja wa makazi, Upande wa Mashariki. Kabla ya Pafu, hewa ilipokuwa nzito, Ambakisye alilala akiwa amekaa. Usiku mzima Tumpe alisikia kifua chake kikikwaruza. Tangu Pafu lije, alikuwa analala chali kama watu wote, na wiki ile alikuwa ametembea mwenyewe hadi bwaloni akarudi.

"Mama Lugano, si unieleze? Ni samaki?"

"Ni mimea."

"Bado hawakusikii?"

"Wananisikia. Wanasema niongeze mbolea."

Ambakisye alicheka, na kicheko hakikuishia kwenye kikohozi. Tumpe aliliona hilo. Angemwambia nini? Kwamba mashine iliyomrudishia usingizi ndiyo inayolinyonga Ziwa? Alimpikia chai, akamwangalia akiinywa bila kupumzika katikati.

Bomba la hewa la Upande wa Mashariki lilipita katika chumba cha pampu, chini kabisa ya Ziwa, kabla ya kufika kwenye Pafu. Lilikuwa bomba la zamani, lenye koki ya kuzungushwa kwa mkono. Mabomba mengine yote yalikuwa nyuma ya milango ya Injinia. Tumpe alikuwa akilipita bomba lile kila siku. Mtu akizungusha koki ile robo tu, sehemu ya hewa ya wagonjwa haitafika kwenye Pafu. Itaingia kwenye pampu, ipulizwe majini, kisha irudi vyumbani kwao. Ziwa lingepata lilichokosa. Vyumba vya Mashariki vingekuwa na hewa nzito kidogo. Kidogo tu, alijiambia. Si kama zamani.

Alisimama mbele ya koki ile akiwa amekasirika: amemkasirikia Bi. Senkoro, amemkasirikia Kileo, amewakasirikia wapishi, na zaidi ya wote ile mimea iliyomfia mikononi kana kwamba yeye ndiye aliyeinyima. Aliizungusha robo.

*

Kichupa kiligeuka kabla ya wiki kwisha. Kwanza kikawa rangi ya bahari, kisha kijani kabisa. Asubuhi moja Tumpe aliwasha taa akaona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu Pafu liwashwe: juu ya kila jani kulikuwa na ushanga wa mapovu, oksijeni ambayo mimea ilikuwa inaitoa kwa wingi kuliko maji yalivyoweza kuimeza. Machipukizi yalikuwa mekundu kwenye ncha. Mwani uliokuwa kwenye kioo ulianza kubanduka vipande vipande, na sato dume alikuwa akichimba kiota kwenye mchanga.

Bi. Senkoro alipita akampiga begani. "Si unaona? Nilikuambia uongeze mbolea."

Tumpe alizamisha mkono majini kuokota vipande vya mwani.

Ambakisye alianza kukohoa tena. Hakulalamika, alisema labda amejichosha kwa kutembea. Daktari alimpima, akapima hewa ya chumba, akasema imezidi kidogo lakini bado iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Tumpe alilishika neno lile, *ndani ya kiwango*, akatembea nalo kama mtu aliyebeba cheti. Alijiahidi kuifunga koki mimea ikipata nguvu. Kisha akajiahidi kuifunga mayai ya sato yakianguliwa.

Halafu Mzee Mahundi, jirani yao, mchimbaji mzee kuliko wote, alianguka kwenye ujia akienda kuoga. Walimkuta midomo imebadilika rangi. Walimwekea oksijeni ya mtungi, akafumbua macho, akaomba radhi kwa usumbufu.

Tumpe alikimbia hadi chumba cha pampu akairudisha koki. Alipotoka, Ambakisye alikuwa bwaloni, amesimama mbele ya Ziwa, kiganja juu ya kioo.

"Limependeza," alisema. Alivuta hewa kwa shida. "Linang'aa. Majuzi lilikuwa linaoza."

"Baba Lugano, kaa kwanza."

"Hewa umeipata wapi?"

Alimvutia kiti.

"Injinia hajakupa. Sukari walikumwagia." Aliongea taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Na mimi nimerudi kulala nimekaa. Na Mzee Mahundi ameanguka. Hewa umeipata wapi, Tumpe?"

Hakumwita Mama Lugano.

"Ilikuwa kidogo," alisema. "Ilikuwa ndani ya kiwango. Nilikuwa nafikiria watu wote, Ambakisye. Hili likifa maji yatakwisha, na wewe ndiye wa kwanza kuumia. Nimewaambia hawa watu hadi nimekauka koo. Hakuna anayesikiliza! Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa?"

"Ningekubali." Alisema kwa hasira iliyomtoa machozi, ingawa huenda yalikuwa ya kikohozi. "Ningekubali, na ningeongea na Mahundi na wenzangu, na labda nao wangekubali. Sasa nikubali nini? Umeshachukua. Hawa wamekupuuza wewe, halafu wewe ukatupuuza sisi."

Aliondoka akishika ukuta.

*

Tumpe alikwenda mwenyewe kwa Bi. Senkoro akamweleza kuhusu koki. Mkuu alipiga kelele hadi walinzi wakachungulia mlangoni. Chumba cha pampu kilifungwa kwa kufuli mpya. Watu wote waliitwa bwaloni, na Tumpe alisimama mbele yao akasema alichofanya. Mke wa Mzee Mahundi alimtemea maneno ambayo hakuna aliyejaribu kuyazuia.

"Nilikosea," Tumpe alisema kelele zilipopungua. "Mnifanyie mtakavyo. Lakini nikishaondoka hapa mbele, mimea itaanza kufa tena kesho. Hilo halijabadilika. Injinia, punguza Pafu."

"Bawa halitakamilika," Kileo alisema. Uso wake ulikuwa umechoka. "Watu wako njiani. Niwalaze wapi? Na nikilipunguza, nani ataanza kukohoa? Hao hao wa Mashariki. Umetuonyesha wewe mwenyewe."

Hapo ndipo Ambakisye alipoinua mkono. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, mbali na mke wake. Watu walingoja avute hewa.

"Zimeni Pafu humu bwaloni," alisema. "Humu tu. Wakati wa chakula cha jioni. Fungeni mlango. Wenye mapafu mazima waingie, wale, wabishane kama kawaida yao. Hewa ijae, ipulizwe majini. Vichwa vitawauma." Akapumzika. "Vyetu viliuma miaka mingi na hatukufa. Sisi wa Mashariki tutakula kwenye ujia."

"Utakuwa unamtetea mkeo?" mtu aliuliza.

"Simtetei. Nataka maji."

Bi. Senkoro aliuliza nani yuko tayari kula katika hewa nzito. Wengi walitazama meza. Mpishi mmoja alisema yeye ana kipandauso. Mwingine akasema hakuja mwezini kujifungia kama kuku. Mikono iliyoinuka haikufika hata robo ya watu waliokuwamo. Injinia Kileo alitazama dari, akajishika paji la uso, kisha akainua wake.

"Haitoshi," Tumpe alisema. "Nusu ya mimea haitapona kwa hiyo."

"Ndiyo iliyopo," Bi. Senkoro alijibu. "Chagua nusu utakayoiacha ife. Na safari hii utueleze kabla."

*

Jioni ya kwanza mlango ulifungwa na mlio wa Pafu ukakatika. Wengi hawakuwa wamewahi kulisikia likinyamaza. Walikula ugali na mchicha wakitazamana. Tumpe alikuwa amekwisha kung'oa mimea ya upande wa jikoni, ile yenye majani mapana inayotaka hewa nyingi, akaacha iliyo migumu. Ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani. Hakuna aliyemwuliza juu ya ndoo zile, na kwa mara ya kwanza alitamani mtu amwulize.

Hewa ilianza kuwa nzito kabla sahani hazijaisha. Mtu alipiga miayo, wote wakapiga. Kileo alilegeza kola, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ilikuwa hivi. Nilikuwa nimesahau kabisa," akaendelea kula.

Kupitia kidirisha cha mlango Tumpe aliwaona wa Mashariki wamekaa sakafuni kwenye ujia, sahani mapajani. Mzee Mahundi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu na mkewe akimlisha. Ambakisye alikaa peke yake, mgongo ukutani.

Aliinuka. Alijua kwamba kila anayetoka anapunguza pumzi za Ziwa, na kwamba akifungua mlango hewa itavuja. Alifungua haraka akapenya, akaufunga nyuma yake. Ukali wa hewa safi ulimpiga puani. Mke wa Mzee Mahundi alimtazama, akageuzia uso wake ukutani.

Tumpe alikaa sakafuni, si karibu sana na mume wake.

"Bado nina hasira," Ambakisye alisema bila kumtazama.

"Najua."

"Usije ukadhani niliinua mkono kwa sababu imekwisha."

"Sidhani."

Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitafuna muda mrefu. Kifua chake kilikwaruza, kidogo kuliko jana. Nyuma ya mlango mtu alikuwa ameanza ubishi kuhusu mpira wa miguu, na sauti nyingine zikaingilia kati kwa kelele.

Tumpe alishika magoti yake. Yalikuwapo maneno mengi aliyokuwa ameyaandaa, ya kujieleza, ya kuomba, ya kulaumu wengine. Aliyaacha yote.

"Kule ndani nahitajika," alisema mwishowe. "Pumzi moja nayo ni pumzi. Lakini nataka kukaa hapa. Sijui kipi ni sahihi. Nirudi?"

Ambakisye aliacha kutafuna. Alimgeukia, akamtazama kama mtu anayesikia lugha aliyoisikia zamani sana. Akafikiri. Hakuharakisha, na Tumpe hakumharakisha.

"Subiri nimalize kula," alisema. "Kisha urudi."